Mtamba Aliyewekeshwa kwa Jirani

Kiangazi kilichopita wapima ardhi walikuja kijijini kwetu, nami nikaitwa nikae na kamati. Sikuitwa kwa elimu. Mimi niliishia darasa la pili, kusoma nikaja kumalizia ngumbaru, darasa la watu wazima, na mtoto mgongoni. Niliitwa kwa sababu ya majina. Kila aliyezaliwa huku tangu nilipoolewa namjua, na baba yake namjua, na ukoo wa mama yake, na ng'ombe waliotolewa siku mama yake anaolewa. Vijana wa kamati wananitania, "Bibi, wewe ndiyo ofisi. Siku ukifa tutaning'iniza kufuli."

Hapa majina sitayaandika. Wengi wa waliokuwepo wamekufa, na waliobaki tunasalimiana kisimani, na wajukuu zao wameoana na wajukuu zangu. Nitasema tu jirani, rafiki, mume, mwanangu. Wenyewe wakisoma watajijua.

Kazi yangu ilikuwa kusimama kwenye mpaka na kusema hapa palikuwa pa fulani, akamwachia fulani, akamgawia fulani. Mpimaji anabonyeza kidude chake cha mkononi, karani anaandika, majirani wanaweka sahihi, na baadaye mwenye shamba atapata hati ya kimila. Siku mbili za kwanza nilifurahia ile kazi, sitaki kudanganya. Kusikilizwa ni kutamu ukiwa mzee. Siku ya tatu ilikuwa zamu ya mbugani, nami uji wa asubuhi niliwamwagia kuku.

Pale mbugani watu bado wanapaita kwa Mtaturu. Mtaturu hayupo pale tangu mwanangu wa pili akiwa mdogo wa kuchunga ndama. Watoto wa leo ukiwauliza Mtaturu alikwenda wapi, wanakujibu kama wanavyojibu hesabu ya moja na moja: alikuwa mwizi wa ng'ombe, akafukuzwa. Katika watu wote walio hai kijijini, ni mimi peke yangu niliyejua kwamba hakuiba. Nimelijua jambo hilo kwa miaka mingi kuliko umri wa karani aliyekuwa ameshika kalamu.

Mtaturu na watu wake, wafugaji, walifika zamani, wakitoka upande wa Meatu, ukame umewamaliza. Wazee wa wakati ule waliwapa ukingo wa mbuga kwa sababu hakuna Msukuma aliyeutaka. Udongo mweusi, mvua ikinyesha unakumeza mguu, jua likiwaka unapasuka nyufa za kuingiza mkono. Sisi tulilima pamba na mtama huku juu kwenye kichanga. Waliwapa mbele ya watu, pombe ya mtama ikanywewa, na mimi, mke mgeni, nilikuwa mmoja wa waliokamua ile pombe. Kwa hiyo hata hilo nalijua: walipewa, hawakuvamia.

Mke wa Mtaturu, yule jirani yetu, akawa rafiki yangu. Alivaa sketi yake ya ngozi na bangili za shaba hadi karibu na kiwiko, na meno yake ya mbele yalikuwa na mwanya. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokota na changu cha kuokota, basi tukaelewana vizuri kuliko wenye Kiswahili. Mimi nilimpelekea michembe, vile viazi vitamu vya kukatwa na kukaushwa, yeye aliniletea maziwa mgando. Akitafuna ile michembe alikuwa anakunja uso.

"Nyinyi Wasukuma mnakula magome ya miti," ananiambia.

"Na nyinyi mnaogopa maji, mnajipaka siagi mkidhani mmeoga."

"Siagi ina harufu ya mali. Wewe unanuka moshi."

Tunacheka mpaka mama mkwe wangu anatoka nje kuangalia kuna nini. Mwanangu wa pili alipotaka kuzaliwa, mkunga alikuwa amekwenda msibani kijiji cha pili. Aliyempokea mtoto yule ni huyo rafiki yangu. Aliingia na mikono yake ya kukamulia, akaniambia niache kulia kama ndama.

Halafu mpunga ukaja. Kuna mtu alitoka upande wa ziwani na mbegu, akachimba majaruba manne pembeni ya mbuga, na mwaka ule akavuna magunia ambayo watu walikwenda kuyaangalia kama wanaangalia harusi. Tangu siku hiyo macho ya kijiji yaliteremka mbugani. Mwanzoni tuliwaita wale watu "wa mbugani". Baada ya mpunga wakaitwa "wageni". Ungesikia kwenye foleni ya mashine ya kusaga:

"Wageni wamekalia chungu cha wali, wanakitumia kulishia ng'ombe."

"Na lambo wanalitia tope."

"Mtaturu hana shamba. Mtaturu ana ng'ombe. Ng'ombe anahama."

Mimi nilikuwa kwenye foleni hiyo hiyo. Sikusema kitu kibaya, lakini na kizuri sikusema.

Mwaka huo huo ng'ombe wao waliingia kwenye viazi vyangu, wakavuruga matuta mazima. Nilikwenda kwa rafiki yangu nikiwa nimeshika mche wa kiazi mkononi kama ushahidi. Alikuwa ameanza kuomba radhi, lakini mimi nilikuwa nimeshapandwa na hasira. Nikamwambia, "Rudini kwenu."

Akaniangalia. "Kwetu wapi? Hawa watoto wote unajua walipozaliwa."

Nikageuka nikaondoka. Siku kadhaa hatukusalimiana. Nilimwona akipita na kibuyu chake cha maziwa, hakukata kona kuja kwangu, na moyoni nikasema afadhali. Nalieleza hili kwa sababu ndiyo hali niliyokuwa nayo asubuhi ya siku waliyofukuzwa.

Mume wangu alikuwa amesikia kwamba upande wa Geita kumetokea rashi, dhahabu imeonekana mahali papya na watu wanakimbilia. Alinieleza atakwenda, lakini siku hakuitaja. Asubuhi hiyo niliamka nikakuta hayupo, na sururu yake haipo. Hilo halikunishtua. Nilikwenda zizini kukamua. Mtamba wangu hayupo.

Niseme kuhusu huyo mtamba. Alitokana na ng'ombe ambaye baba yangu alinipa mkononi, na alikuwa karibu kupandwa kwa mara ya kwanza. Nilimlea kwa pumba. Akinisikia nakohoa anakuja.

Lango la zizi lilikuwa limefungwa, miti yake yote imerudishwa mahali pake, mmoja juu ya mwingine. Leo najiuliza ni mwizi gani anayefunga lango nyuma yake kwa utulivu namna ile. Siku ile sikujiuliza. Umande ulikuwa haujakauka, nyayo zilionekana wazi, na zilikwenda moja kwa moja mbugani, mpaka kwenye miiba ya boma la jirani. Nikapiga yowe.

Kwetu yowe ukishalipiga si lako tena. Anayelisikia anaacha jembe, anaacha chakula, analipokea na kulipeleka mbele. Hakuna anayeuliza kuna nini mpaka afike. Asiyetokea anatozwa faini, au anatengwa: hapewi moto, hachotewi maji, msiba wake hauhudhuriwi. Na anayepiga yowe la bure anatendwa vivyo hivyo. Wakati ule sungusungu, walinzi wa vijiji, walikuwa na nguvu, filimbi zikalichukua, na kabla jua halijapanda sana niliona wanaume na pinde zao, wengine wa vijiji ambavyo sijawahi kuvikanyaga.

Mtamba alikuwepo kwenye boma la jirani. Amesimama katikati ya ng'ombe wao, anacheua.

Jirani alitoka nje mikono mitupu, kaiinua ili ionekane. Akasema, "Niliwekeshwa. Mume wa huyu mama ameniletea alfajiri akiwa njiani kwenda Geita. Muulizeni yeye."

Mtu mmoja akaangua kicheko. "Msukuma awekeshe ng'ombe kwa Mtaturu? Tangu lini mbuzi akalazwa kwa fisi?"

Wengine wakacheka. Kiongozi wa sungusungu hakucheka. Alikuwa mtu wa haki, au alipenda ionekane hivyo. Alinyoosha mkono watu wanyamaze, akanigeukia mbele ya umati wote.

"Mama, mume wako alikuambia kwamba anamwekesha huyu ng'ombe?"

"Hakuniambia kitu," nikajibu.

Ilikuwa kweli. Na ndiyo neno ninalojutia kuliko uwongo wote niliowahi kusema maishani.

Kwa sababu mwanamke yeyote wa Kisukuma anajua kwamba wanaume hawatuambii. Mwanaume mwenye akili hakai na ng'ombe wake wote zizini. Anawatawanya kwa marafiki, watatu hapa, wawili kule, ili ugonjwa ukija usiwamalize, na ndugu wakija kuomba wakute zizi lina nafasi. Anayewekeshwa anakunywa maziwa, ndama wanabaki wa mwenyewe. Siri ya ng'ombe hao haisemwi kwa mke, kwani mke atawaambia kaka zake. Mama yangu mzazi alijua baba alikuwa na ng'ombe kumi na moja nje siku ya matanga yake tu, wanaume wageni walipokuja mmoja mmoja na kusimama mbele ya ukoo: "Mimi nina wawili wa marehemu." "Mimi nina mmoja na ndama wake." Nilikuwepo. Niliwahesabu.

Kwa hiyo ningeweza kuongeza maneno matatu tu: lakini wanaume hawatuambii. Umati ungepoa. Kiongozi angesema tumngoje mwenye ng'ombe arudi. Rafiki yangu alikuwa amesimama mlangoni kwake, ananiangalia, naona kabisa kwamba anangoja niendelee kusema. Mimi nikamwangalia mtamba. Nilikuwa na hasira ya viazi. Na watu wengi namna ile walikuwa wamekuja kwa sauti yangu, jamani, niwaambie sasa kwamba labda nimekosea?

Yaliyofuata sitayaeleza yote. Jirani walimvunja mkono. Nyumba zilichomwa, zote tatu. Ng'ombe waliswagwa, na mpaka leo wengine najua walikoishia. Waliambiwa jua likifika utosini wawe wameondoka. Mzee wao, baba wa jirani, alikuwa hawezi kutembea, wakambeba kwenye ngozi ya ng'ombe, wameshika pembe zake nne. Nilikuwa bado nimesimama pale na kamba ya mtamba mkononi. Rafiki yangu alipita mbele yangu na watoto, mkubwa wao msichana wa miaka kama tisa, amembeba mdogo wake.

"Umempata ng'ombe wako," akaniambia. Hakusimama.

Siku hiyo walichinja ng'ombe watatu wa wale waliotekwa, nami nikaletewa paja zima kwa kuwa yowe lilikuwa langu. Nilipika. Watoto walikula wakashiba.

Mwezi haukuisha kabla mbuga haijagawanywa. Sisi tulipewa kipande kizuri kabisa, karibu na lambo, kwa sababu ndio tulioibiwa.

Mume wangu alirudi baada ya mavuno, amekonda, anakohoa vumbi la mashimoni. Alikuwa amepita mbugani. Alikaa kwenye kigoda bila kuomba maji.

"Mtamba yuko wapi?"

"Yuko zizini. Alikuwa ameibwa, tukampata."

"Nani kakuambia ameibwa?"

Akashika kichwa kwa mikono miwili. Alinieleza pale pale. Mdogo wake alikuwa anataka kuoa, ukoo ungekuja kuchagua ng'ombe, na macho yao yalikuwa kwa mtamba. Akaona amfiche. Alimchagua Mtaturu kwa sababu ndugu zake hawakanyagi kwa Mtaturu. "Nilijua kule hawatamtafuta," akasema. "Na nilijua yule mtu haibi."

"Basi nenda ukaseme."

"Nikaseme nini? Kwamba yowe la mke wangu limevunja watu bure? Unataka tuombe moto kwa nani? Na ndugu zangu nao niwaambie nilikuwa nawaficha?"

"Nitasema mimi."

"Wewe!" Alicheka kicheko kibaya. "Wewe uliulizwa ukajibu. Sasa utasema ulijibu nini?"

Tukakubaliana tungoje jambo lipoe. Kusema kweli, neno la kungoja nililitoa mimi. Jambo likapoa, likawa baridi, watu wakalisahau, na kadiri walivyosahau ndivyo lilivyozidi kuwa gumu kulisema. Mtamba alizaa, akazaa tena. Mume wangu hakunywa maziwa yake hata siku moja, lakini mpunga wa kipande kile aliula. Mimi pia.

Alikufa kwa kifua. Siku ya matanga, wanaume wawili walikuja kueleza ng'ombe wake waliokuwa kwao. Wa tatu hakuja. Nilikuwa najua hatakuja, ila kila mbwa alipobweka niligeuza shingo kuangalia njia ya mbugani.

Basi tumerudi kwenye siku ya wapima ardhi. Tulipofika mbugani mwanangu wa pili alikuwa ameshafika, kwani kipande cha lambo ndiye anayekilima na ndicho kinachosomesha watoto wake. Alikuwa amevaa shati safi. Pembeni, mbali kidogo na watu, alisimama mwanamke mwenye umri wa kati, amejifunga kitenge, mkoba mkononi. Alisogea, akapiga magoti.

"Mwangaluka, mayu," akanisalimia kwa Kisukuma kilichonyooka, kama mtoto wa hapa anavyomwamkia mama yake.

Akatabasamu kidogo tu kwa adabu, nikauona mwanya. Nikamtaja jina lake kabla hajalisema, na jina la mdogo wake aliyembeba siku ile. Akashtuka, machozi yakamjaa. Alieleza kwamba anaishi Isaka, anawapikia madereva wa malori, na huko ndiko aliposikia kijiji chetu kinapimwa. Amekuja kusimama kwenye shamba la baba yake.

Mwenyekiti wa kamati akajikuna shingo. "Bibi, unamjua huyu?"

"Namjua. Ni binti wa Mtaturu."

Mpimaji, kijana wa mjini, hakuelewa kwa nini watu wanatazamana. Akauliza swali lake la kawaida. "Na baba yake aliondokaje hapa? Aliuza?"

"Alihama," mwenyekiti akasema haraka. "Karani, andika alihama."

"Andika vizuri," mtu mmoja akadakia kutoka nyuma. "Andika mwizi alihamishwa."

Binti akageuka. "Baba yangu hakuiba."

"Mtoto wa mwizi aseme nini kingine?"

"Aliwekeshwa. Alisema hivyo mpaka anakufa."

"Aliwekeshwa na nani? Mtaje!"

Jina alilijua, bila shaka, lakini mwenye jina alikuwa mume wangu, na mimi nilikuwa nimesimama pale na fimbo yangu. Alikuwa ananionea haya, mimi! Nikaona hapa nikinyamaza tena sitapata siku nyingine.

"Aliwekeshwa na mume wangu," nikasema. "Aliniambia mwenyewe aliporudi. Mtamba hakuibwa. Mimi nilipiga yowe la bure, na nilipoulizwa nilijibu nusu. Hawa watu hawakuhama. Walifukuzwa kwa kosa langu, na hapa tuliposimama ni kwao. Andika."

Karani hakuandika. Alimwangalia mwenyekiti. Mwenyekiti akaangalia chini, halafu akasema kwa upole, kama anavyosema na wagonjwa, "Jua limekuwa kali, Bibi apelekwe kivulini."

"Bibi amezeeka," mwingine akasema. "Anachanganya."

Siku mbili nzima nilikuwa nimewatajia mipaka mpaka ya babu zao, hakuna aliyesema nachanganya. Nikawaambia hivyo. Nikaanza kuwataja mmoja mmoja baba zao, nani alishika filimbi, nani aliondoka na ng'ombe wangapi. Hapo mpimaji alifunga kidude chake. Akasema ardhi yenye mgogoro haiwezi kupata hati, waende barazani wakaamuliwe, na mpaka hapo mbuga yote inasimama. Yote, si kipande chetu tu. Watu zaidi ya ishirini walikuwa wamekuja na mashati safi.

Mwanangu alinifuata njiani, hatua mbili nyuma yangu.

"Mama, umekaa nalo miaka yote hii. Ungeshindwa nini kufa nalo?"

"Nilitaka kufa nalo. Nimeshindwa."

"Na wanangu wale nini?"

"Mikono ya kwanza iliyokushika hapa duniani ni ya mama wa yule binti."

"Sikumtuma," akasema. Akanipita, akaenda zake. Tangu siku ile salamu ananipa, maana nilimlea vizuri, ila kukaa hakai. Mkewe ndiye anayeniletea chakula, anakiweka mlangoni na kuulizia magoti yangu, halafu anaondoka. Siwezi kumlaumu mwanangu. Alikuwa mtoto, kile kipande alikikuta. Nilimlisha kitu cha watu, na sasa namwambia kiteme.

Binti alikuja nyumbani alasiri, kabla ya kutafuta usafiri. Nilimwekea kigoda. Nilidhani, Mungu anisamehe, nilidhani amekuja kunishukuru. Nikawa hata nimeandaa la kujibu, kwamba hapana mwanangu, usinishukuru.

"Mama yangu amekufa," akaniambia. "Baba alitangulia. Babu hata Isaka hakufika, tulimzika njiani siku ya tatu, mahali nisipopajua tena."

Nikampa pole.

"Nataka nikuulize, mayu. Ulijua tangu lini?"

"Tangu mavuno ya mwaka ule ule."

Alihesabu kwa vidole juu ya mkoba wake. Halafu akasema, "Mama hakumwamini baba."

Sikuelewa.

"Hakumwamini. Maisha yao yote. Alimpikia, alimuuguza ule mkono uliounga vibaya, lakini hakumwamini. Baba anasema niliwekeshwa, mama anasema, 'Yule mwanamke namjua. Nimempokelea mtoto. Angekuwa anajua kuna njia nyingine ya ng'ombe kufika kwetu, angesema. Hawezi kusimama pale akaniangalia na asiseme.' Basi baba ananyamaza. Mama alikufa akijua ameolewa na mwizi wa ng'ombe wa rafiki yake."

Miaka yote nilikuwa nimefikiri yule mwanamke amekufa ananilaani, au yu hai mahali ananilaani. Nilikuwa nimezoea kulaaniwa. Kumbe alikuwa ananiamini. Aliniamini mimi, asimwamini mume wake. Nikainuka, nikakaa tena. Yule binti hakunisaidia. Aliacha niteseke kidogo, na ilikuwa haki yake.

"Na baba yako?" mwishowe nikauliza. "Alikuwa anasemaje juu yetu?"

"Baba alikuwa anasema tungoje. Mwenye ng'ombe atarudi kutoka Geita, atasema. Tulipokuwa wadogo, kila mgeni akija tulikuwa tunatoka nje kuangalia kama ni yeye."

Nilimpikia nsansa, mboga za majani zilizokaushwa, kwa ugali wa mtama. Hakula, alisema atachelewa gari. Mlangoni akageuka, akasema atafungua shauri kwenye baraza la ardhi, ushahidi wake wote ni mimi, na kwa hiyo nisife. Alilisema hivyo hivyo, bila kupamba: "Usife kabla, mayu."

"Sitakufa."

Shauri limeahirishwa mara mbili. Mara ya kwanza mjumbe mmoja hakufika. Mara ya pili ndugu wa upande wa pili, hao wanaolima mbugani, waliomba muda wakatafute shahidi, na sijui watampata wapi, maana waliobaki wote nawajua. Mara zote mbili nilikwenda kwa miguu, mwanangu ana pikipiki lakini sikumwomba. Tunakaa benchi moja mimi na yule binti, kutoka asubuhi mpaka tuitwe. Ananiletea chai ya chupa kutoka Isaka, ananishika mkono ninapopanda ngazi. Siku ile ya pili nilianza kumweleza habari za mama yake alivyokuwa kijana, alivyokuwa ananicheka. Nilifikiri atapenda kusikia.

"Bado, mayu," akanikatiza. "Kwanza useme mbele yao, waandike. Hayo mengine baadaye, kama nitaweza."

Nikaimalizia ile chai. Tumepangiwa tarehe nyingine, baada ya mpunga kuvunwa.